Mboga za gunia na sufuria ndogo: kujilisha peke yako mji unapofungwa

Mtu anayeishi peke yake hula mboga chache kuliko anavyodhani. Sahani moja ya sukuma wiki ni majani 8 hadi 10 ya ukubwa wa kiganja. Ukila sukuma mara tatu kwa wiki, unahitaji majani 30 hivi. Mche mmoja ulioshika vizuri hutoa majani 2 au 3 kila wiki. Basi miche 12 inakutosha, na miche 12 inaingia kwenye gunia moja dogo kando ya mlango. Anayejaza gunia kubwa miche 40 huishia kutazama majani yakizeeka na kugeuka manjano, huku akila mboga ileile mpaka aichukie. Hesabu ianzie kwenye sufuria, ndipo iende kwenye udongo.

Muda nao upimwe. Nairobi na viunga vyake vilifungwa kwa sababu ya korona tarehe 6 Aprili 2020, vikafunguliwa Julai 7: wiki 13. Katika wiki 13 unapanda na kuvuna terere mara tatu, dania mara mbili, na sukuma uliyoanza kwa miche unaichuma kwa zaidi ya nusu ya muda huo. Nyanya uliyoipanda kwa mbegu siku ya kwanza ingekuwa bado ya kijani. Ndiyo maana mwongozo huu umeegemea majani.

Jua, uzito na jirani wa chini

Kabla ya kutafuta gunia, tazama jua linapita wapi. Mboga za majani zinataka saa 4 au 5 za jua la moja kwa moja. Nyanya na pilipili zinataka 6 au zaidi. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua linahama na mwezi: Juni linapita upande wa kaskazini wa anga, Desemba upande wa kusini. Roshani inayotazama kusini inaweza kuwa na jua tele Januari, kisha ikakaa kivulini mchana kutwa kuanzia Mei hadi Julai. Wengi hulaumu mbegu wakati kosa ni hilo. Kama roshani yako ni ya namna hiyo na tuko katikati ya mwaka, weka spinachi, dania na vitunguu vya majani, ambavyo huvumilia kivuli kidogo, na nyanya uziache.

Gunia la kilo 90 likijaa udongo wenye maji hupita kilo 100 kwa mbali. Mahali pake ni chini, uani, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Ghorofani tumia ndoo za lita 20 au jerikeni zilizokatwa, uzipange kando ya ukuta wala si katikati ya roshani. Chini ya kila ndoo weka beseni kuukuu au sahani pana. Ugomvi wa ploti mara nyingi huanzia kwenye maji ya matope yanayodondoka juu ya nguo za jirani wa chini.

Udongo

Kwa gunia la kilo 50 unahitaji debe 2 za udongo na debe 1 ya samadi. Udongo mwekundu ndio bora. Ukiwa na ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ongeza nusu debe ya mchanga wa mto, la sivyo utashikamana na mizizi itakosa hewa. Usichote udongo kando ya barabara kuu wala karibu na gereji, kwa sababu mara nyingi una madini ya risasi na mafuta machafu, na hayo hayaoshwi yakaisha.

Samadi iwe imeiva. Ipime kwa mkono: iliyoiva haina joto, hainuki vikali, na ukiifinya inavunjikavunjika kama udongo. Mbichi huunguza mizizi, na dalili yake ni kingo za majani kukauka katika wiki ya kwanza au ya pili. Ya kuku ni kali zaidi, kwa hiyo tumia nusu ya kipimo.

Kutengeneza gunia

1. Simamisha gunia mahali litakapokaa, maana likishajaa halihamishiki. Kunja mdomo nje mara mbili. Mwaga kokoto au vipande vya matofali chini, kina cha sentimita 5.

2. Chukua mkebe wa gorogoro, ule wa kilo 2 wa kupimia nafaka, ukate juu na chini ubaki kama bomba. Usimamishe katikati ya gunia na uujaze kokoto.

3. Jaza udongo kuuzunguka hadi karibu na ukingo wake, kisha vuta mkebe juu polepole, kokoto zibaki. Jaza kokoto tena, udongo tena, vuta tena, mpaka ufike sentimita 5 kutoka mdomoni. Sasa gunia lina nguzo ya mawe katikati, na hapo ndipo maji yatakapopita.

4. Mimina lita 10 za maji juu ya mawe, uache siku mbili. Udongo utashuka, ongeza.

5. Pembeni kata vipenyo vya sentimita 4 hivi kwa kisu, safu mbili za vipenyo vinne, ya kwanza sentimita 20 kutoka chini. Vya safu ya juu visikae juu kabisa ya vile vya chini, vipishane. Kipenyo kikubwa mno humwaga udongo. Kikishakuwa kikubwa, kizibe kwa nyasi kavu.

6. Panda jioni: miche 8 pembeni na 4 juu. Mizizi ielekee ndani na chini kidogo, isikunjwe. Kandamiza kwa vidole, mwagilia.

Ukiona miche ya juu imenawiri na ya pembeni imenyauka, maji hayafiki. Ama nguzo ya mawe haikutengenezwa, ama unamwagilia haraka hadi maji yanateremka kwenye ukuta wa gunia. Mimina polepole juu ya mawe.

Miche ya kununua kwenye vitalu hukuokolea wiki nne. Chagua mifupi yenye shina nene na majani 4 au 5. Mirefu na myembamba ilikulia kivulini na italala siku ya kwanza ya jua kali. Muuzaji huweza kukupa yenye majani mengi zaidi akikuambia ni mizuri kwa kuwa ni mikubwa; iache, imekaa kitaluni kupita wakati wake.

Vinavyokaa kwenye ndoo na makopo

Ndoo itobolewe matundu 5 chini, kila moja upana wa kidole kidogo. Isiyotobolewa huozesha mizizi kabla hujajua.

Terere hupandwa kwa mbegu moja kwa moja. Mbegu ni ndogo mno, changanya kijiko 1 cha chai na konzi ya mchanga mkavu ndipo unyunyize, kisha funika kwa udongo mwembamba sana. Ukizika zaidi ya nusu sentimita nyingi hazitoki. Baada ya wiki 3 au 4 kata, ukiacha shina la sentimita 6 au 7 lenye vifundo vyake, litachipua tena. Panda ndoo ya pili wiki mbili baada ya ya kwanza, usizipande zote siku moja, maana zitakomaa zote siku moja nawe una tumbo moja.

Dania ina kiganda cha duara chenye mbegu mbili ndani. Kivunje kwa kukisugua chini ya chupa, mbegu ziachane, uziloweke usiku kucha, kisha uzipande sentimita 1 chini kwenye chombo chenye kina cha sentimita 15. Zinachukua siku 7 hadi 14 kutoka, wakati mwingine zaidi, na watu hufukua kwa kukosa subira. Dania haipendi kuhamishwa. Ukiing'oa na kuipandikiza, au ikikosa maji siku za joto, hukimbilia kutoa maua na majani yanakuwa membamba na machungu.

Kitunguu kilichochipua jikoni usikitupe. Kizike nusu kwenye mkebe, ukate majani yake kwa wiki kadhaa ukiacha sentimita 3 juu ya udongo. Pilipili mche mmoja unatosha mtu mmoja na majirani wawili.

Kuhusu nyanya: kama una jua la kutosha, mche mmoja kwa ndoo ya lita 20, mti wa kuufungia, na maji kila siku kwa kipimo kilekile. Kumwagilia leo sana na kesho kusahau ndiko kunakoleta kitako cheusi kwenye tunda. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndoo ikae chini ya paa, kwa sababu majani yanayolowa kila usiku hushikwa na ugonjwa wa bakajani na mmea mzima unaweza kuisha ndani ya wiki.

Maji na chakula cha mmea

Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, usimwagilie. Siku za jua gunia dogo hunywa lita 3 au 4, asubuhi mapema au jioni. Siku za mvua halihitaji kitu. Maji ya kuoshea mboga na mchele ni mazuri. Yenye chumvi, sabuni ya unga au dawa ya kung'arisha nguo mwaga kwingine.

Mbolea ya maji: mkebe 1 wa gorogoro wa samadi katika lita 10, funika, koroga kila siku kwa wiki mbili. Punguza kwa maji, sehemu 1 kwa 2, umimine kwenye udongo kila baada ya wiki mbili. Isiguse majani, maana unayala.

Vidukari

Hawa ndio adui halisi wa sukuma ya mjini, hasa mvua ikikatika. Geuza jani lolote lililokunjamana: chini yake, kando ya mshipa mkubwa, utaona wadudu wa kijivu wamejipanga wamebanana, wenye unga mweupe kama wa poda, na ukigusa vidole vinanata. Ute huo huweza kuvutia sisimizi, na sisimizi huwalinda vidukari wa aina nyingi. Ukiona sisimizi wanapanda shina, usingoje majani yakunjamane.

Siku za kwanza inatosha kuwafuta kwa kidole kilicholowa, jani kwa jani. Kwa gunia moja ni kazi ya dakika kumi. Wakizidi, changanya kijiko 1 hadi 2 vya chai vya sabuni ya maji katika lita 1, nyunyizia chini ya majani jioni, asubuhi uoshe kwa maji matupu. Juani sabuni huunguza jani. Rudia baada ya siku 4 au 5, kwani wanaobaki huzaana upesi mno. Jani lililojaa kabisa likate ulitoe nje ya ua, usiliache chini ya gunia. Dawa kali za kuulia wadudu sizishauri hata kidogo kwenye mboga unayoichuma kila siku ya pili: muda wa kungoja ulioandikwa kwenye chupa hutauheshimu, kwa sababu njaa haingoji.

Mashimo makubwa kwenye majani ni kazi ya viwavi au konokono. Viwavi waokote mchana, konokono usiku kwa tochi.

Kuchuma

Anza wiki 4 hadi 6 baada ya kupandikiza. Chuma majani ya chini, ukilivuta kila jani kwa chini na pembeni ili kikonyo kitoke chote shinani. Kipande kinachobaki huoza. Juu acha majani 5 au 6 na kile kichipukizi cha katikati. Ukikikata, mche unaacha kurefuka.

Chuma muda unapopika, si kabla. Shina ndilo friji ya asiye na friji: jani lililo juu yake linakaa wiki nzima, lililokatwa linanyauka jioni ileile. Wakati wa kafyu ya saa moja usiku hili lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa kibanda cha mama mboga kilikuwa kimefungwa kabla hujawasha jiko.

Jikoni: kipimo cha mtu mmoja

Nunua au azima sufuria ndogo ya lita 1 hadi 1.5. Chakula kidogo kwenye sufuria pana hukauka na kuungua, nawe unaongeza maji, na maji ndiyo yanayoharibu mboga. Vikombe vinavyotajwa hapa ni vya mililita 250.

Sukuma: majani 8 hadi 10, nusu kitunguu, nyanya 1, mafuta kijiko 1 cha mezani. Osha majani yakiwa mazima, yakung'ute, ndipo uyakunje pamoja na kuyakata membamba. Ukikata kwanza ukaosha baadaye, unaosha ladha na vitamini, na yanabeba maji mengi. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, weka nyanya, zipondeke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo ndipo sukuma iingie, moto wa juu, ukigeuza. Dakika 3 au 4 zinatosha. Majani ya gunia lako ni machanga kuliko ya sokoni na huiva upesi. Chumvi weka mwisho. Ukiiweka mwanzo inavuta maji, na mboga inachemka badala ya kukaangika. Usifunike, itageuka rangi ya kaki.

Ugali: maji kikombe 1 na nusu, unga kikombe 1 na robo hadi 1 na nusu. Maji yachemke kwelikweli. Nyunyiza konzi moja ya unga, yakichemka tena ndipo umimine uliobaki kidogo kidogo ukisonga. Mabonge hutokana na maji ambayo hayajachemka au unga uliomwagwa wote kwa pamoja. Ukishashikamana punguza moto, ukandamize kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, ugeuze, ufunike kidogo, usonge tena, dakika 8 hadi 10. Watu wanaopika kidogo huwahi kuutoa kwa kuwa unaonekana umeiva. Unuse: ukinuka unga mbichi, rudisha.

Managu yanataka subira. Toa maua na matunda yote ya kijani kwanza, kwa maana matunda mabichi yana sumu. Chemsha majani dakika 10 hadi 15, mwaga maji kama ni machungu, kisha yaunge kwa kitunguu na robo kikombe ya maziwa, moto mdogo, mpaka maziwa yashike. Terere hulainika baada ya dakika 5 na haihitaji kuchemshwa kwanza.

Maharagwe, ndengu na gesi

Mtungi wa kilo 6 huishia kwenye maharagwe. Mwenye friji achemshe nusu kilo mara moja: loweka saa 8, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza bila kupunguza moto, kisha moto mdogo hadi yaive. Zile dakika 10 si mazoea tu. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali, na ukiyapika kwa joto la chini tangu mwanzo utaumwa tumbo vibaya. Nusu kilo hutoa sehemu 6 hivi. Zitenganishe zikiwa hazina chumvi wala kitunguu, mbili friji kwa siku 3, zilizobaki kwenye sehemu ya barafu. Hivyo siku moja unaziunga kwa nazi, siku nyingine zinaingia kwenye githeri, na hulazimiki kula kitu kilekile.

Asiye na friji asichemshe maharagwe ya wiki. Apike ndengu au kamande kwa siku hiyohiyo. Kamande huiva kwa nusu saa bila kulowekwa. Ndengu unaweza kuzimalizia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana: loweka theluthi ya kikombe usiku, chemsha dakika 10, huku chupa ikipashwa kwa maji ya moto. Mwaga maji ya kupasha, mimina ndengu na mchemko wake hadi chupa ijae, funga. Baada ya saa 2 au 3 zimelainika. Zirudishe motoni zichemke ndipo uziunge. Chupa iliyojaa nusu hupoa haraka na ndengu hubaki ngumu. Maharagwe usiyafanye hivi.

Njia ya kufunika sufuria iliyotoka motoni kwa blanketi ili chakula kimalizie kuiva inafaa kwa sufuria iliyojaa, ya lita 2 kwenda juu. Kwa chakula cha mtu mmoja joto hutoroka kabla hakijaiva.

Kiporo

Wali ndio kiporo cha kuogopa. Nusu kikombe cha mchele kwa kikombe 1 cha maji ni chakula cha mtu mmoja, na ni heri kupika hicho tu. Wali ukikaa usiku kucha jikoni, vijidudu vilivyosalimika wakati wa kupika huzaana na kutoa sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi, hata ukitoa moshi. Mwenye friji autandaze kwenye sahani upoe haraka, auingize ndani ya saa moja, aule kesho yake. Ugali wa jana husalimika vizuri zaidi ukikatwa vipande na kukaangwa, mradi ulihifadhiwa umefunikwa mahali pa baridi na hauna utelezi.

Majani ya sukuma yakizidi siku ambayo huna hamu nayo, yakaushe. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 2, yatoe uyatie kwenye maji baridi, yakamue, uyatandaze kivulini penye upepo siku 2 au 3 ukiyageuza, juu yake kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Yakivunjika kwa sauti mkononi yako tayari kwa mkebe wenye kifuniko. Yakipinda bila kuvunjika, bado. Ukiyafungia hivyo yataota ukungu. Kuyapika, yaloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu, uyachemshe, ndipo uyaunge kwa karanga zilizosagwa.